Wangari Maathai: mwanamke aliyeuliza mji ni wa nani

Asubuhi, barabara inayoshuka kutoka milima ya Fizi kuelekea Baraka inajaa mizigo ya makala. Wamama wanabeba kichwani, vijana wanasukuma kinga, wengine wanafunga magunia juu ya pikipiki. Huku chini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mji unapanuka kila mwaka. Kuna waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, kuna waliokimbia vita vijijini, kuna vijana wanaotafuta kazi. Wote wanahitaji parseli ya kujenga, maji ya kunywa na moto wa kupikia. Halafu mvua inanyesha, mito inashuka na matope, na ziwa nalo linapanda. Katika miaka ya 2020 hadi 2024 maji ya Tanganyika yaliingia ndani ya nyumba za watu huko Baraka, Uvira, Kalemie na hata Bujumbura.

Na bado, watu wengi wakisikia neno mazingira wanawaza tembo, sokwe, mbuga za watalii na semina za mashirika. Makala, mfereji uliozibwa, parseli iliyouzwa kwenye ukingo wa mto, hayo yanaonekana kuwa mambo mengine kabisa. Kuna mwanamke mmoja wa Afrika ya Mashariki aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba ni jambo moja tu. Jina lake Wangari Maathai. Alizaliwa Kenya, akafa Kenya, lakini kazi yake ilifika mpaka misitu ya Kongo. Nyuma ya kifo chake mwaka 2011, maisha yake bado yana la kuwaambia wakaaji wa miji midogo inayokua mbio kama Baraka.

Mtoto wa kijijini

Wangari Muta alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, kwenye milima ya katikati ya Kenya. Ilikuwa wakati wa ukoloni wa Waingereza. Alikuwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita, na binti wa kwanza. Baba yake, Muta Njugi, alifanya kazi kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru, na familia ikahamia huko. Lakini kule shambani hakukuwa na shule ya watoto weusi. Mwaka 1947 mama yake, Wanjiru Kibicho, akarudi naye Ihithe kusudi watoto wasome.

Karibu na nyumba yao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na kando yake kijito cha maji safi. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule, kwa sababu Wakikuyu waliuheshimu kama mti wa Mungu. Mtoto alitii bila kuuliza sana. Alichota maji pale, akacheza na mayai ya vyura ndani ya kijito. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanamke msomi, alirudi akakuta mti umekatwa na mwenye shamba mpya aliyetaka nafasi ya kupanda chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Hapo alielewa kwamba mizizi ya mugumo ilikuwa inaifungulia maji njia ya kutoka ndani ya udongo. Kile wazee walichokilinda kwa mila, sayansi ingekilinda vilevile.

Mtoto wa kike kusoma halikuwa jambo la kawaida wakati ule. Wangari alisoma kwa masista wa Kikatoliki huko Nyeri, kisha Loreto, Limuru, akamaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 alikuwa kati ya vijana wa Kenya wapatao 300 waliopelekwa Marekani kwa ndege kusoma chuo kikuu, katika mpango uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Alipata digrii ya biolojia mwaka 1964 huko Atchison, Kansas, kisha akaendelea na masomo katika mji wa Pittsburgh.

Pittsburgh ilikuwa mji wa viwanda vya chuma. Kwa miaka mingi moshi wake ulifunika jua hata mchana. Wakati Wangari anafika, wakaaji walikuwa wamechoka na ile hewa na walikuwa wakiisukuma serikali ya mji iisafishe. Hapo ndipo aliona kwa mara ya kwanza kwamba mji mchafu siyo mapenzi ya Mungu. Kuna watu wanaouchafua na kuna watu wanaoweza kuusafisha, na kati yao kuna mabishano ya nguvu na feza.

Mji wa wachache

Alirudi Nairobi mwaka 1966, Kenya ikiwa huru tangu miaka mitatu. Kazi aliyoahidiwa kwenye chuo kikuu alikuta imepewa mtu mwingine, na yeye aliamini ni juu ya ukabila na juu ya kuwa mwanamke. Akapata kazi nyingine katika masomo ya udaktari wa mifugo, akaenda kusoma Ujerumani, akarudi mwaka 1969 na kuolewa na mwanasiasa kijana, Mwangi Mathai. Walizaa watoto watatu. Mwaka 1971 alipata digrii ya udaktari, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Baadaye akawa mkuu wa idara yake. Hata hivyo, wanawake waliofundisha pale hawakupewa haki sawa na wanaume, kama vile nyumba na bima. Aligombana na wakubwa juu ya hiyo mpaka mengine yakabadilishwa.

Nairobi yenyewe ilikuwa somo. Ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Wakoloni waliigawa: vilima vyenye hewa nzuri upande wa magharibi kwa Wazungu, tambarare za mashariki kwa Waafrika. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika lakini mgawanyo ulibaki, ila sasa waliohamia vilimani ni wenye feza wa rangi zote. Huku chini, kwenye mabonde ya mito, vibanda vya mabati vikajazana bila maji na bila mitaro.

Mwaka 1974 mume wake aligombea ubunge wa Lang'ata, sehemu ya Nairobi yenye matajiri na maskini pamoja. Aliahidi kazi kwa wasio na kazi. Wanasiasa wengi wakishinda husahau, lakini mke wake hakusahau. Alianzisha kampuni ndogo, Envirocare, kusudi maskini walipwe kwa kupanda miti na kutunza bustani za matajiri. Haikufaulu. Matajiri hawakutaka kulipa mbele, na maskini hawakuwa hata na nauli ya kufika kazini. Miche mingi ikakauka. Lakini Envirocare ilimpeleka Vancouver, Kanada, mwaka 1976, kwenye mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya makao ya watu, na alirudi na moyo mpya.

Kwa upande mwingine, utafiti wake wa kupe wa ng'ombe ulikuwa unamtembeza vijijini. Aliona mito ya rangi ya udongo na ng'ombe waliokonda. Katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya alisikia wamama wa kijijini wakilalamika: kuni ziko mbali, maji hayatoshi, watoto wana utapiamlo. Mama asiye na kuni hapiki tena maharagi yanayohitaji moto wa masaa mengi. Anapika kitu chepesi, na mtoto anadhoofika. Kumbe ukosefu wa mti mlimani ulikuwa unaonekana kwenye sahani.

Miche saba

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wanawake wenzake walitembea kutoka katikati ya Nairobi mpaka uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba wa zamani kutoka makabila mbalimbali. Hivyo ndivyo lilivyoanza lile shirika la Green Belt Movement. Inafaa kukumbuka kwamba miti yake ya kwanza haikupandwa porini. Ilipandwa mjini, mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa wanakusanyika kusikiliza siasa.

Namna ya kufanya kazi ilikuwa rahisi. Wamama wa kijiji walianzisha vitalu vya miche, yaani pepinyeri. Walikusanya mbegu za miti ya kwao wenyewe, wakapanda miti kwenye mistari mirefu, angalau 1,000 kwa kikundi. Kwa kila mche ulioshika na kukua, mama alilipwa feza kidogo. Hakulipwa kwa mche aliopanda tu siku ya sherehe. Kipimo kilikuwa mti unaoishi. Wataalamu wa misitu wa serikali walisema mtu asiye na diploma hawezi kuotesha miti. Wangari alisema wamama wanaootesha mahindi na maharagi toka utoto hawawezi kushindwa na mbegu ya mti. Wakati wa kupewa tuzo ya Nobel, mwaka 2004, shirika lilihesabu miti karibu milioni 30.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mume wake alimwacha mwaka 1977, na talaka ikatoka mwaka 1979 mbele ya tribinali, huku magazeti yakiandika kila kitu. Wangari alipomkosoa hakimu, alihukumiwa miezi sita gerezani, akatolewa nyuma ya siku tatu. Mume alimtaka aache jina lake. Yeye aliongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, akaendelea na safari. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akakataliwa kugombea kwa sababu ya mambo ya uandikishaji, na chuo kikatumia nafasi hiyo kutomrudisha kazini. Akiwa na watoto watatu, hakuwa na mshahara wala nyumba. Alibaki na vitalu vya miche, akavitegemea hivyo.

Mnara ndani ya bustani

Katikati ya Nairobi kuna Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Siku ya Mungu familia zisizo na kiwanja wala bustani ya nyumbani zinakwenda pale kupumzika bila kulipa. Watoto wanacheza, wahubiri wanahubiri, vijana wanapiga picha.

Mwaka 1989 Wangari alipata habari kwamba chama tawala cha KANU, chama cha pekee kilichoruhusiwa wakati huo, kinataka kujenga ndani ya bustani hiyo mnara wa gorofa 60, wenye ofisi, maduka na nafasi ya kusimamisha magari 2,000, pamoja na sanamu kubwa ya rais Daniel arap Moi. Gharama ilikadiriwa kufika karibu dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa.

Hakuchukua bango wala jiwe. Alichukua kalamu. Aliandika barua kwa ofisi ya rais, kwa utawala wa mji, kwa wizara ya mazingira, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza. Aliuliza maswali ya kawaida: Ni nani aliyetoa ruhusa? Wakaaji waliulizwa lini? Deni litalipwa na nani? Mtu asiye na feza atapumzikia wapi? Nakala za barua alizipeleka kwa waandishi wa habari, na watu wa kawaida nao wakaanza kuandika kwenye magazeti.

Jibu lilikuwa matusi. Wabunge waliacha shughuli nyingine kwa muda ili kumshambulia yeye na shirika lake, wakiwaita kundi la wanawake walioachika. Tribinali ilitupa kesi yake nje. Tarehe 12 Desemba 1989, sikukuu ya taifa, rais mwenyewe, akihutubia ndani ya Uhuru Park hiyohiyo, alidokeza kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu anaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lilifukuzwa ofisini kwa muda wa siku moja, likahamia nyumbani kwake.

Lakini wenye feza wa kigeni waliogopa kelele. Mwezi Januari 1990 mradi ukaanguka. Bustani ilibaki. Watu wengi wa Kenya wanasema ni siku hiyo walipoona kwamba serikali ya chama kimoja inaweza kurudi nyuma. Tangu hapo swali la ardhi ya mji na swali la demokrasia vilitembea pamoja.

Mwaka 1992 alirudi pale pale Uhuru Park, safari hii pamoja na wamama wazee ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za siasa. Waligoma kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga kwa virungu na gesi ya machozi. Wangari alipoteza fahamu akapelekwa hospitali. Baadhi ya wamama walivua nguo mbele ya polisi, jambo ambalo hata katika milima ya Fizi kila mtu anajua maana yake: mama akifika hapo, ni laana kwa anayempiga. Waliobaki walihamia kanisani na kukaa huko miezi mingi, mpaka wafungwa wakaanza kuachiliwa. Kona ile ya bustani inaitwa Kona ya Uhuru mpaka leo.

Msitu uliogawanywa kwa karatasi

Vita kubwa ya pili ilikuwa ya msitu wa Karura, zaidi ya hektari 1,000 za miti kaskazini mwa Nairobi. Msitu huo unashika maji ya mvua na kupitisha mito inayoingia mjini. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba vipande vyake vimekwisha kugawiwa kwa makampuni ya watu walio karibu na wakubwa wa inchi, kusudi wajenge nyumba za matajiri. Hakuna mwananchi aliyeulizwa. Yote ilikuwa mihuri na karatasi.

Wangari na wenzake waliingia msituni na miche. Mwezi Oktoba wengine katika umati walichoma mashine za ujenzi. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi na wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wageni, wakitaka kupanda mti mmoja tu mlangoni. Kundi kubwa la watu waliowekwa pale kulinda liliwashambulia. Alipasuliwa kichwa, na wengine wakaumizwa pamoja naye. Alikwenda kushtaki polisi, na karatasi ya mashtaka aliitia sahihi kwa damu yake. Wanafunzi wakaingia barabarani. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo rais alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Nyuma ya Moi kuondoka, tume ya serikali iliyoundwa mwaka 2003 ilichunguza namna viwanja vya umma vilivyogawiwa, ikakuta hati nyingi zimetolewa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya shule, ukingo wa mito, nafasi za barabara. Kile alichoitwa mwenda wazimu kwa kukisema kiliandikwa sasa kwenye ripoti ya serikali.

Kutoka Nairobi mpaka misitu ya Kongo

Mwezi Desemba 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa kura nyingi sana, na mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 ilitangazwa kwamba amepata tuzo ya Nobel ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wengine walishangaa: miti na amani wapi na wapi? Kwa mtu aliyekulia penye vita, jibu si gumu. Watu wakigombania maji, malisho na udongo, siku moja watashika silaha. Mwezi Aprili 2020 Uvira ilizikwa na matope ya mvua, na mwezi Mei 2023 vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, vilipoteza mamia ya watu kwa siku moja. Kivu ya Kusini inajua kwamba mlima ukivuliwa miti unaweza kuua kama bunduki.

Mwezi Februari 2005 marais wa Afrika ya Kati, waliokutana Brazzaville, walimchagua kuwa balozi wa kutetea misitu ya bonde la Kongo. Zaidi ya nusu ya misitu hiyo iko Kongo-Kinshasa. Mwaka 2008 alikuwa mwenyekiti mwenza, pamoja na Paul Martin aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada, wa mfuko wa feza za kulinda misitu hiyo, ulioanzishwa na Uingereza na Norwe kwa paundi milioni 100. Kwa wazungu wengi, msitu wa Kongo ni mapafu ya dunia. Kwa Wangari, mbele ya kuwa mapafu ya dunia, ni mvua ya mashamba ya wenyeji, dawa zao na kuni zao. Anayetaka msitu usimame lazima aulize pia mama wa mjini atapikia nini.

Hakuwa mtu asiyeshindwa. Mwaka 2007 chama chake hakikumrudisha kugombea. Aliendelea kuhubiri juu ya vitu vidogo, kama vile mifuko ya plastiki inayoziba mitaro na kuhifadhi maji ya mbu wa malaria. Kenya iliikataza mwezi Agosti 2017, miaka sita nyuma ya kifo chake. Kongo nayo ilitoa agizo la kuikataza mwishoni mwa mwaka huohuo, lakini saché bado zinaelea kwenye mitaro.

Wangari Maathai alikufa kwa kansa tarehe 25 Septemba 2011, Nairobi, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameomba asizikwe katika sanduku la mbao. Sanduku lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya ziwani. Serikali, iliyomwita zamani mharibifu, ilimfanyia mazishi ya taifa, na mwili wake ulipita kwanza Uhuru Park, kwenye nyasi alizozilinda.

Kilichobaki

Urithi wake haukumaliza kazi. Leo Karura ina njia za kutembea, na anayeingia analipa. Mwezi Novemba 2020 barabara kubwa mpya ya Nairobi ilitaka kung'oa mugumo wenye umri wa miaka zaidi ya 100. Watu walisimama, na rais akaamuru mti uachwe. Lakini mwezi Aprili na Mei 2024 mafuriko makubwa yalipoingia Mathare na mabonde mengine, serikali ilibomoa nyumba za maskini kandokando ya mito kwa haraka. Mti mmoja ulipata mtetezi, na maelfu ya wapangaji wakalala inje. Hilo ndilo jambo ambalo maisha ya Wangari yanalazimisha kuliangalia. Mjini, sheria ya mazingira inaweza kumlinda mnyonge au kumpiga, kufatana na nani aliyekaa mezani siku ya kuamua.

Baraka siyo Nairobi. Haina minara ya gorofa 60. Lakini maswali ya barua za mwaka 1989 yanaingia vizuri kwenye avenyu zake. Parseli kwenye ukingo wa mto, nani aliyeipima na nani aliyetia muhuri? Aliyeinunua aliambiwa maji yanafika wapi mvua ikizidi? Kiwanja cha shule, cha soko au cha kucheza mpira, karatasi yake inashikwa na nani? Salongo ya kuzibua mfereji inafanywa na wanaokaa chini, lakini aliyejenga juu ya mfereji anaitwa lini? Na mama anayeshuka na makala anaambiwa anaharibu msitu, wakati yule anayeyapikia mjini na yule anayekula faida ya barabarani hawatajwi.

Pepinyeri ya miche haihitaji mwanasiasa. Inahitaji mbegu, kivuli, maji na mtu wa kuhesabu, nyuma ya mwaka mmoja, ni mingapi iliyoshika. Barua nayo inahitaji karatasi, nakala tatu na watu wasiochoka kuuliza. Wangari Maathai alifanya vyote viwili kwa pamoja maisha yake yote, maana aliona mapema kwamba mti uliopandwa mahali pasipo na haki hung'olewa na mwenye muhuri.